Nakala ya Kaka Mkubwa

Walipogawana karakana, vitu vya chuma viligawanyika upesi kuliko walivyotarajia. Dharmend, kaka mkubwa, alichukua mashine ya kukunjia mabati na mtambo wa zamani wa kuchomelea. Shalen, mdogo wake, akabaki na mashine ya kukatia chuma kwa moto, ile inayofuata yenyewe mchoro wa kompyuta. Uzio wa mabati ukapita katikati ya uwanja wa marehemu baba yao, ukaacha mlimau upande mmoja na bomba la maji upande mwingine. Mama yao, Phulmati, alipoulizwa atakaa kwa nani, alisema atalala kwa Dharmend na kula kwa Shalen, na watu wa Labasa, mji wao kule visiwani Fiji, waseme watakavyo.

Ikabaki michoro. Familia ile ilikuwa ikitengeneza trela za kubebea miwa tangu enzi za baba, na tangu Premila aolewe na Shalen michoro yote ilikuwa mikononi mwake, kwa kuwa ndiye aliyeisomea kazi hiyo chuoni. Trela moja kwenye kompyuta si faili moja. Kuna faili kubwa la trela nzima, lakini ndani yake hakuna chuma hata kimoja. Linakumbuka tu majina ya mafaili mengine, hili la ekseli, hili la bamba, hili la mkono wa kuvutia, na kila ukilifungua linakwenda kuyaita pale yalipo. Ukitaka kumpa mtu nakala, huna budi kunakili yote pamoja kwa njia ya programu yenyewe, ili faili kubwa lifundishwe majina mapya. Premila alilijua hilo vizuri.

Lakini siku ile Kusum, mke wa Dharmend, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akisoma majina ya mafaili kwa sauti kama mtu anayechunga mizani ya muuza duka. Premila aliomba apewe hadi kesho ayapange sawasawa. Kusum akasema wao wanataka fungu lao kabla ya chakula cha mchana.

"Kunakili tu nako kunataka siku nzima?" akauliza. "Au unataka kwanza uchague yapi ya kutupa na yapi ya kuficha?"

Masikio ya Premila yaliwaka moto. Aliishika folda nzima, akainakili kama mtu anavyonakili picha za harusi, akaipa jina la Dharmend, kisha akaongeza herufi D mbele ya jina la kila faili lililokuwamo. Akafungua trela moja amwonyeshe. Ikatokea nzima, haikupungukiwa hata bolti. Kusum akaitazama, akaitikia kwa kichwa, akatoka bila kuaga.

Sanduku la kompyuta la kuhifadhia mafaili ya wote lilibaki ofisini kwa Shalen. Dharmend angelitumia kwa waya uliopita chini ya uzio, mpaka anunue lake.

*

Msimu wa kusaga miwa ulipofunguliwa, Shalen alikuwa na trela za wakulima kadhaa zinazongoja magurudumu. Mabamba ya kushikia ekseli alikuwa ameyakata yote kwa mkupuo, rundo zima, chuma kinene kilicholetwa kwa meli kutoka Suva. Alichukua la kwanza akalisimamisha kwenye ekseli, bolti ikakataa kuingia. Akachukua la pili. Alidhani ameshika ekseli isiyo yake. Akapima, akapima tena, halafu akaingia ofisini akamwambia mkewe afungue mchoro. Matundu yalikuwa yamesogea, yameachana zaidi kuliko yalivyokuwa tangu siku za baba.

"Umeyagusa haya?"

"Sijayagusa."

Kompyuta yenyewe ilionyesha: faili limebadilishwa kutoka mashine ya upande wa pili wa uzio. Shalen hakusoma zaidi ya hapo.

Dharmend hakuwapo, alikuwa amekwenda Savusavu kufuata vyuma. Pengine angekuwapo wangetukanana uzioni na yakaishia palepale. Badala yake Shalen alipanda pikapu akaenda hadi kiwanda cha sukari, kwa sababu wateja wake walikuwa kwenye foleni na ilimpasa awaeleze kwa nini trela zao hazitatoka. Foleni ya malori ya miwa hukaa kutwa. Madereva hutandika mikeka kivulini mwa malori, huchanganya kava, kinywaji cha mizizi, na neno likidondoka pale halihitaji redio kufika mjini. Shalen aliwaambia kwamba ndugu yake ameingia kwenye kompyuta yake akamsogezea matundu ili amharibie msimu. Mzee mmoja akamuuliza kama ana hakika.

"Kaka yangu ni mwizi," Shalen akasema. "Nimenyonya ziwa moja na mwizi."

Hakupanga kusema hivyo. Lakini lilipokwisha kutoka aliona linamfaa, akalisema tena kwenye mkeka uliofuata, na uliofuata.

Kesho yake mchana Phulmati hakuja kula. Premila alimpakulia wali, dengu na biringanya za kuchoma, akampelekea. Mkwewe aliipokea sahani kwenye lango la uzio, akaifunua, akaitazama, akaifunika, akamrudishia.

"Mwambie mume wako," akasema, "hilo ziwa analowatajia madereva ni langu."

*

Premila alikuwa ametamani iwe kweli ni Dharmend. Ingekuwa rahisi. Kilichomkataza ni kwamba mchoraji wa Dharmend alikuwa Mzee Iliesa, mstaafu aliyechora kwa miaka mingi kiwandani, mtu anayekuomba radhi hata akikuazima kalamu. Huyo asingekaa akamsogezea jirani matundu kwa husuda. Basi alifungua trela ya Dharmend, ile yenye D, na akafanya jambo ambalo angelifanya siku ya kugawana kama asingesimamiwa kisogoni: aliiambia programu imwonyeshe faili kubwa linaita nani na nani.

Hakukuwa na D hata moja. Yote yaliyokuwa yakiitwa ni mafaili ya zamani, ya Shalen. Yale yenye jina jipya yalikuwa yamelala tu kwenye folda, hayajaitwa na mtu tangu siku alipoyabatiza. Trela ilitokea nzima mbele ya Kusum kwa sababu ilinyoosha mkono ikachukua kila kitu upande huu wa uzio. Kama ingetokea na mapengo, angelitambua kosa palepale. Mzee Iliesa alifungua kilichoitwa trela yake, akarekebisha kilichoitwa bamba lake, na bamba lilikuwa la Shalen.

Alimkuta mumewe mezani na chapati ya roti mkononi, akamweleza yote. Shalen alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakujua?"

"Hakujua. Wala Mzee Iliesa. Ni mimi."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Shalen alirudisha roti sahanini. Akasema basi ibaki hivyo mpaka msimu uishe, watu watakuwa wamesahau. Premila akamkumbusha kuwa mama hagusi chakula chao. Shalen akasema atakigusa, njaa haina kinyongo. Halafu, kwa kuwa mkewe hakuondoka, akainua uso.

"Foleni nzima imenisikia, Prem. Unataka nirudi niwaambie nini? Kwamba mke wangu hajui kunakili?"

Ilimchoma kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli, naye Shalen aliona imemchoma, akaondoka mezani bila kunawa.

Angeweza kuyaacha hapo. Wanawake wengi wa mji ule wamewahi kuachia maneno makubwa kuliko hayo yapite. Lakini jioni, akianua nguo, ikamjia habari nyingine iliyomfanya asimame na shati la mumewe mkononi. Yeye mwenyewe alikuwa amebadilisha faili moja. Kulikuwa na mkulima wa Seaqaqa mwenye trekta dogo, na kwa ajili yake Premila aliufupisha mkono wa kuvutia trela. Ikiwa trela za Dharmend zinaita mafaili yake, basi mikono ya Dharmend nayo imefupishwa bila yeye kujua. Mkono mfupi kwenye trekta kubwa, likikata kona kali na mzigo wa miwa nyuma, pembe ya trela inakuja kugonga gurudumu la trekta. Na barabara za milimani wanakopita wateja wa Dharmend zina kona kali nyingi.

*

Asubuhi alijitanda mtandio kichwani, akafungua lango la uzio mwenyewe. Kusum alikuwa ofisini na Mzee Iliesa. Kusum akamuuliza kama ametumwa. Premila akasema hakutumwa. Akamuuliza kama mumewe anajua yuko wapi. Akasema hajui. Kiti kilichokuwa tupu kilikuwa kimewekewa mkoba wa Kusum, na Kusum hakuuondoa.

Dharmend aliingia akijifuta mikono kwa tambara. Alipomwona aligeuza uso pembeni, kama ilivyo heshima. Tangu aolewe, Premila hakuwahi kumsemesha moja kwa moja kaka mkubwa wa mumewe, na katika nyumba ya Phulmati mambo hayo yalishikwa. Kwa hiyo Dharmend alimwambia mkewe amuulize mgeni anataka nini. Premila alimjibu Kusum, na Kusum akayarudia yaleyale kwa mumewe, watu wote wakiwa chumba kimoja. Alieleza kuhusu nakala na majina ambayo hayakuitwa, na mabamba ya Shalen. Mzee Iliesa aliweka kalamu chini, akaanza kusema samahani, Premila akamwambia hana kosa.

"Kumbe tulipewa ganda," Kusum akasema. Hilo hakulirudia kwa mumewe.

"Mlipewa haraka mliyoitaka," Premila akasema, kwa upole kuliko alivyokusudia. Kisha akaona njia hii ya kuzungukia mtu wa tatu haitamfikisha. Akamgeukia shemeji yake, macho akiyaweka kwenye mikono yake yenye grisi.

"Kaka Mkubwa, trela ulizotoa msimu huu, mikono ya kuvutia uliipima?"

Dharmend alitazama sakafu. Alipojibu, alimjibu yeye.

"Niliipima. Ilikuwa mifupi. Hakuna iliyotoka nayo, nilikata mingine."

Premila akauliza ile mifupi iko wapi, pengine ingemfaa mteja wa Seaqaqa. Dharmend akasema aliiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Aliyasema kama mtu anayetaja hali ya hewa, akatoka kwenda kuangalia moto wake wa kuchomelea.

Aliyemalizia ni Kusum. Alisema walipoona mikono mifupi, mumewe aliona wazi kwamba michoro imeguswa kutoka upande wa pili. Yeye Kusum alimwambia aende uzioni akaseme mpaka mji usikie. Dharmend akakataa. Mama analala hapa na kula kule, alisema. Nikipiga kelele, unataka akae wapi? Akamwita mtu wa vyuma chakavu siku ambayo Phulmati alikuwa hekaluni, ili asiulize kwa nini chuma kipya kinabebwa kama taka. Msumeno wa kukatia mingine ulimchukua juma zima, kwa kuwa mashine ya moto ilibaki kwa Shalen.

"Nilimwita mjinga," Kusum akasema. Akainua mkoba wake kitini, akaushika mapajani kama hajui auweke wapi. "Kaa basi, ufanye ulichojia."

Premila akakaa. Safari hii aliikabidhi programu kazi yake. Ikampangia ukoo mzima wa trela, faili kubwa juu na yote linayoyaita chini yake, na mbele ya kila moja nafasi ya kuandika jina jipya. Mzee Iliesa alisoma, yeye akaandika, ekseli, bamba, mkono, kitanda, mlango wa nyuma. Walipomaliza trela zote alimwomba mzee asogeze tundu moja upande wa D, naye akavuka uzio kwenda kutazama upande wa Shalen. Halikusogea. Alirudi akamwambia mzee alirudishe mahali pake. Hakuona furaha aliyoitazamia. Sasa tu ndipo karakana zilikuwa zimegawanyika kweli, na aliyekata ni yeye.

*

Shalen alimfuata hukohuko. Alikuwa amemtafuta jikoni, kisha ofisini, kisha akaona lango liko wazi. Akasimama mlangoni mwa ofisi ya kaka yake, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu uzio uwekwe, akamwambia mkewe twende. Premila akamwambia kwanza asikilize, akamweleza habari ya mikono mifupi, na mnunuzi wa chakavu, na siku iliyochaguliwa. Hakuongeza neno la kwake.

Shalen alibaki amesimama. Dharmend alikuwa amekwisha kuzima moto na kuja, naye akasimama upande wa pili wa meza, wote wawili na mabega yaleyale ya baba yao.

"Ulijua," Shalen akasema, "ukanyamaza."

"Nilidhani ni wewe," Dharmend akasema. "Ndiyo maana nilinyamaza."

Halafu akamuuliza yale mabamba yenye matundu mabaya ameyafanya nini. Shalen akasema yapo, rundo liko palepale. Dharmend akamwambia matundu yale si mabaya. Ni mabaya kwa ekseli za Shalen. Yeye ndiye aliyemwagiza Mzee Iliesa ayasogeze, kwa kuwa ekseli alizokwenda kuzifuata Savusavu ni za namna nyingine. Alikuwa hajakata bamba hata moja. Atayachukua yote, alipe bei ya chuma.

"Hulipi," Shalen akasema. "Chukua bure. Mikono yako imekwenda chakavu, mimi nitapokeaje pesa?"

"Nitalipa."

"Kaka, usinifanye mdogo kuliko nilivyo."

Dharmend alifikiri. Akasema vizuri, atayachukua bila pesa, lakini hayatakuwa bure. "Ulilosema kwenye foleni, Mama alilisikia sokoni kwa mwanamke anayeuza bamia. Hilo ndilo utakalorudisha. Mwenyewe, palepale uliposemea."

Shalen akatazama nje, akasema ndiyo. Akaenda kubeba mabamba. Aliyabeba mwenyewe, machache machache kwa kuwa ni mazito, akipita langoni na kurudi, na katika safari mojawapo Phulmati alikuwa ameketi kwenye ngazi za jikoni kwa Dharmend akichambua mchele. Alivuta tu miguu yake ampishe njia.

*

Premila alikwenda naye. Garini alimwambia aseme ukweli wote, amtaje mkewe, hatamlaumu. Shalen akaendesha mpaka darajani.

"Nitasema kosa ni la ofisi yangu," akasema. "Na ofisi ni yangu."

Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku ile nyingine, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimesimama tangu alfajiri. Shalen aliegesha pikapu nyuma kabisa, akashuka, akaanza na mkeka wa kwanza. Premila alikaa na dirisha wazi. Alimwona akichuchumaa, akiongea, akishika sikio lake kama aombaye radhi. Kwenye mkeka wa pili walimcheka, na mtu mmoja akamrudishia maneno yake kwa sauti ya kuigiza, nimenyonya ziwa moja na mwizi, na wenzake wakapiga makofi. Shalen alingoja mpaka wakamaliza, akasema alilojia, akasogea mbele. Kwenye mkeka wa yule mzee aliyemuuliza kama ana hakika, alikaa zaidi. Mzee hakucheka wala hakumpa pole. Alimpa kifuu cha kava, akamtazama mpaka akakimaliza.

Kila malori yalipopiga hatua mbele, Premila alihamia usukani akaisogeza pikapu, ili asimpoteze. Hivyo alikuwa karibu kabisa Shalen alipofika kwa dereva mmoja kijana kutoka Wainikoro, aliyekaa peke yake kwenye ngazi ya lori lake akimenya chungwa. Kijana huyo alikuwa amefika msimu huu siku ile tu. Hakusikia lolote, hakuwajua akina Dharmend wala akina Shalen. Premila akamwona mumewe akisita, akijikuna shingo. Hapo angeweza kupita.

Shalen aliketi chini kwenye majani, na kwa kuwa hawezi kumwondolea mtu neno ambalo hakulisikia, akaanza kumsimulia tangu mwanzo: kwamba ana kaka, kwamba alimwita mwizi mbele ya watu wote hawa, alimwitia nini, na kwamba haikuwa kweli. Alichukua muda. Dereva alimsikiliza akitafuna chungwa lake, akatema mbegu kando kwa adabu.

"Sasa huyo kaka yako anatengeneza trela?" akauliza mwishowe. "Yangu kitanda kimeoza."

"Anatengeneza."

"Nzuri?"

"Nzuri."

Dereva akauliza aliko. Shalen akageuka kuitafuta barabara ya mjini kwa macho, akanyoosha mkono.

"Vuka daraja, nenda mpaka uone lango la bluu lenye jina langu," akasema. "Hapo usisimame. Ni lango linalofuata."